Malhamu ya Kikopo cha Kijani

Mliponiaga mwezi uliopita, baada ya keki na ile saa ya ukutani ambayo tayari imesimama, mmoja wenu aliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu pale kaunta ili mnaobaki mjifunze. Nadhani mlitaka niwaeleze jinsi ya kusoma mwandiko wa madaktari, au namna ya kumtuliza mteja anayelazimisha auziwe antibayotiki kwa mafua ya siku moja. Hayo mtayajua wenyewe, muda mnao. Mimi nitaandika habari za pumu ya ngozi na malhamu niliyoikoroga kwa mikono yangu, kwa sababu katika hotuba zenu mlisema Bi Zuhura hajawahi kumdhuru mteja. Nilikula keki nikawashukuru.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Newala, nimepanga chumba Buguruni pamoja na binamu yangu. Duka letu la dawa lilikuwa palepale lilipo sasa, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, ila kaunta ilikuwa ya mbao, na nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo cha kuchanganyia dawa. Humo alikaa Mzee Salehe, mfamasia aliyestaafu hospitali akaajiriwa na tajiri wetu. Hakupenda redio, hakupenda soga, na siku tatu za kwanza hakunisemesha ila kuniambia nifute kigae.

Kigae chenyewe kilikuwa kipande cha marumaru nyeupe, ukubwa wa sinia, na juu yake tulikorogea malhamu kwa kisu bapa kisicho na makali. Alinifundisha hivi: weka dawa kidogo, weka mafuta ya mgando kiasi hichohicho, koroga mpaka rangi iwe moja, kisha ongeza mafuta sawa na ulichonacho, koroga tena. Ukimimina mafuta yote kwa mpigo, upande mmoja wa kikopo unakuwa dawa tupu na mwingine mafuta matupu. Nilifanya mazoezi wiki nzima kwa unga wa wanga kabla hajaniruhusu kugusa dawa. Leo kila kitu kinakuja kwenye tyubu kutoka kiwandani, na kigae mnakitumia kuwekea chupa ya chai. Sisemi kitu.

Malhamu tuliyoitengeneza mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya watoto wenye pumu ya ngozi, wale wanaojikuna kwenye vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu inatoka. Ndani yake mlikuwa na haidrokotisoni, ambayo ni steroidi nyepesi, na mafuta. Mzee Salehe aliitia kwenye vikopo vya plastiki vya kijani, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana mtaa wa pili. Kina mama wakaiita kikopo cha kijani, na jina likashika kuanzia kwetu mpaka Ilala.

Kwenye kila kikopo aliandika kwa mkono wake: mara mbili kwa siku, siku saba, kisha nione. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu wapake mpaka ipone, kama wenzetu wa duka la jirani. Akaweka kisu chini.

"Binti, pumu ya ngozi haiponi. Inatulia, kisha inarudi. Ukimwambia mama apake mpaka ipone, umemwambia apake mpaka kufa."

Siku hiyo alizungumza kuliko mwezi mzima. Alinieleza kwamba steroidi inazima wekundu na muwasho, na kwa hilo hakuna dawa aliyoiheshimu zaidi, lakini ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, jeraha dogo halifungi. Ngozi ya mtoto inainywa zaidi ya ya mtu mzima, na ya uso na ya chini ya nepi inainywa zaidi ya kwingine. Akanionyesha kipimo: krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, basi. Wakati mwingine, tulipokuwa tunahesabu vidonge vya steroidi vya mgonjwa wa pumu ya kifua, aliniambia kwamba mwili unajitengenezea steroidi yake wenyewe, na ukiuletea ya dukani kila siku unaacha kutengeneza. "Ukimkatia ghafla, anabaki hana hata tone. Unapunguza kidogokidogo." Alikuwa anazungumzia vidonge, na mimi nikayaweka maneno yale kichwani kwenye fungu la vidonge. Kumbukeni hapo.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zilichekesha. Muuza viatu vya mitumba wa Mchikichini alikuja na kipande cha mwisho wa tyubu amekikata kwa mkasi, kama wanavyofanya wateja wote wa Kariakoo, akasema nimpe kama hii. Alikuwa na fangasi kwenye mapaja na kwa miezi minne alikuwa akipaka steroidi aliyopewa na rafiki. Muwasho ulikuwa unatulia na fangasi inaendelea kutembea kwa raha zake, imefika kiunoni. Alinikasirikia nilipomnyima. Alisema duka zima linajua dawa yake isipokuwa mimi.

Mzee Salehe alifariki nikiwa na miaka kumi na mbili kazini. Tajiri hakuajiri mfamasia mwingine wa kukaa chumba cha nyuma. Alisema Zuhura anajua kila kitu. Nilifurahi, mjinga mimi. Baada ya muda akaleta kopo kubwa la krimu kutoka kwa wauzaji wa jumla, akaliweka juu ya kigae. Ilikuwa klobetasoli, steroidi kali kupita zote tulizokuwa nazo.

"Kuanzia leo korogea hii," alisema. "Ile ya mzee inachukua wiki. Kina mama wanataka kinachofanya kazi."

"Tajiri, hii ni kali kwa watoto."

"Si unachanganya na mafuta? Mafuta yataipunguza makali."

Nilijua kwamba hata ikipunguzwa hivyo inabaki kali mno kwa mtoto. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika amesema, kisha nikachukua kisu nikakoroga. Kikopo kilibaki kilekile cha kijani. Tajiri akachapisha na lebo, ili nisihangaike kuandika kwa mkono. Ilisomeka: paka mpaka ipone. Lebo zile nilizibandika mimi, moja moja, kwa miaka. Tajiri ameshatangulia mbele ya haki na sitamsingizia peke yake. Mkono uliokoroga ni huu unaoandika.

Sasa Mama Glory. Alikuwa mwanamke wa Rombo, yeye na mumewe walikuwa na duka la vitenge vya jumla mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alimleta binti yake wa miaka mitatu, Glory, amefungwa soksi mikononi ili asijikune. Uso wote ulikuwa magamba. Mama mwenyewe macho mekundu, hajalala wiki nzima. Nilimpa kikopo cha kijani. Baada ya siku mbili alirudi akicheka, mtoto amelala usiku kucha, ngozi laini. Alinikumbatia mbele ya wateja.

Tangu siku hiyo alikuwa mteja wa kila wiki. Alimpaka Glory mwili mzima asubuhi na jioni, kama mafuta ya kujipaka, kwa sababu kila akiacha siku mbili muwasho ulirudi na lebo ilisema mpaka ipone. Alitutangaza mtaa mzima. Wauza vitenge wote wakawa wateja wetu, na wakinunua waliniita daktari. Nilizoea kuitwa hivyo haraka sana.

Mtoto akanenepa. Mashavu yakawa ya mviringo, tumbo likatangulia, na weupe ukaongezeka. Kila mtu alimsifia. Mimi nilimbinya shavu akipitia dukani na nikamwambia mama yake, "Huyu kweli anakula, Mama Glory, angalia mashavu." Nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Mikono na miguu yake ilikuwa myembamba, na hilo nililiona pia, lakini macho yalienda kwenye mashavu.

Kilichonishtua ni sketi. Glory alikuwa amefika darasa la tatu, na mama yake alikuja siku ya kufungua shule akiwa na furaha ya mtu aliyepata ahueni.

"Dada Zuhura, mimi mwaka huu sinunui yunifomu. Sketi ya darasa la kwanza bado inamtosha, ndefu vilevile. Wenzake wanapasua kila mwaka, huyu wangu anatunza."

Nilimtazama mtoto. Sketi ilimfika magotini sawasawa, kama siku ya kwanza aliposhonewa. Kwenye mapaja, alipoinama kuokota daftari, kulikuwa na michirizi ya zambarau niliyokuwa nimeizoea kwa wanawake waliojifungua. Alikuwa na miaka minane, na tangu darasa la kwanza hakuwa ameongezeka hata ncha ya kidole. Steroidi ikizidi mwilini ndivyo inavyofanya: mashavu yanavimba, urefu unasimama. Nilimhudumia, nikamrudishia chenji, nikaenda chumba cha nyuma nikakaa kwenye ndoo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwita mama yule, nimkalishe, nimwambie: dawa hii ni kali, nimekuwa nikikupa kwa miaka mitano, mpeleke mtoto hospitali leo, na waambie kila kitu. Ningesema hivyo, mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri, tajiri angenifukuza, na wale walioniita daktari wangeniita jina jingine. Nilitafuta njia ya kumwokoa mtoto bila mimi kuonekana. Nikaipata, na nikajiona mwerevu: nilichukua kikopo cha kijani, nikajaza mafuta ya mgando matupu, nikabandika lebo ileile. Wiki iliyofuata nikampa mama yake huku nikimuuliza habari za nyumbani.

Nilidhani namwondolea mtoto sumu. Maneno ya Mzee Salehe kuhusu kukata ghafla yalikuwa yamelala kwenye fungu la vidonge, na haikunijia kwamba dawa iliyoingia kwa ngozi mwaka baada ya mwaka ni dawa ileile.

Siku ya nne Mama Glory alikuja mbio. Ngozi ya mtoto ilikuwa imewaka nyekundu mwili mzima, inachoma kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Dada, hiki kikopo ni feki?" Nilimwambia hapana, ni joto tu, ampake zaidi. Nikampa kingine cha mafuta matupu. Siku ya nane alikuja dada wa kazi wa duka la vitenge kununua dawa ya homa, akasema Glory anatapika na hana nguvu za kusimama. Siku ya tisa duka la vitenge halikufunguliwa. Jirani akaniambia mtoto amelazwa, amezimia, na madaktari hawaelewi.

Nilikaa na habari hiyo tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Niandike hivyo hivyo, maana ni kweli. Niliuza panadoli, niliuza pamba, nilimwelekeza mtu kituo cha mabasi. Saa tisa nikavua koti jeupe, nikatoka bila kuaga.

Wodini Mama Glory alikuwa ameketi kwenye benchi ameshika kikopo cha kijani kwa mikono miwili. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alikuwa amesimama mbele yake. Mama Glory aliponiona uso wake ulichanua.

"Huyu hapa," alimwambia daktari. "Huyu ndiye anayemtibu mwanangu. Dada, waambie dawa yetu haina shida. Wameipima wamekuta ni mafuta tu."

Daktari akanigeukia. "Ni mafuta tu?"

"Hicho ni mafuta," nilisema. "Vya nyuma vyote vilikuwa klobetasoli. Mwili mzima, mara mbili kwa siku, miaka mitano. Nimebadilisha wiki iliyopita, sikumwambia."

Daktari aligeuka akaenda haraka, nikamsikia akiita nesi alete haidrokotisoni ya kuchoma kwenye mshipa. Alirudi baadaye, mtoto alipoanza kufumbua macho, akasimama karibu nami. "Nilishuku steroidi tangu jana nilipouona ule uso," alisema. "Kikopo ndicho kilinipoteza." Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha.

Mama Glory alikuwa bado ameketi palepale. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha. Alisema jambo moja tu ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo.

"Ulimsifia mashavu."

Glory aliishi. Alikunywa vidonge vya steroidi karibu miaka miwili, vikipunguzwa kidogokidogo, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Mashavu yalipungua, akaanza kurefuka tena, ingawa urefu uliopotea haukurudi wote. Duka la vitenge lilihamia mtaa mwingine. Mama yake tukikutana sokoni alikuwa anavuka barabara. Nilitegemea atanishtaki, nikamsubiri, hakuja. Baadaye nilielewa kwamba kumshtaki Zuhura kungemlazimu aseme hadharani ni mkono wa nani uliompaka mtoto asubuhi na jioni. Hatia haikuwa yake hata chembe, lakini aliibeba, na aliyemtwisha ni mimi.

Mnauliza kwa nini sikufukuzwa. Tajiri alisema tusipige kelele, akalitupa kopo, akaacha kutengeneza malhamu. Mimi nilibaki kwa sababu nilihitaji kazi. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Tangu siku hiyo sikuuza tyubu ya steroidi bila kuandika idadi ya siku kwa kalamu. Mlinicheka kwa hilo, mkaniita mwalimu. Kicheko chenu sikukichukia, ila leo mjue tabia hiyo ilitoka wapi.

Na msinielewe vibaya mkaanza kuwatisha watu. Wapo kina mama siku hizi waliosikia kwenye simu kwamba steroidi ni sumu, wakawaacha watoto wajikune mpaka vidonda vinaoza. Hao nao wanaumiza. Dawa nyepesi, siku chache, mahali panapohitaji, mafuta ya kutosha kila siku, na mtoto alale usingizi wake: hicho ndicho alichokifanya Mzee Salehe kwa maisha yake yote, na hakumharibu mtu.

Nilidhani habari imeishia hapo. Wiki yangu ya mwisho kazini, ninyi mkiwa mmekwenda kula, aliingia msichana mfupi, kidevu chake juu kidogo ya kaunta, amebeba mtoto mchanga begani. Mtoto alikuwa anasugua uso kwenye nguo ya mama yake, kushoto kulia, kushoto kulia. Niliijua ile namna ya kujisugua kabla sijaiona ngozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, bado mna ile dawa ya kikopo cha kijani? Nilikuwa napakwa nikiwa mdogo, nakumbuka hiyo rangi tu na harufu yake. Nimemuuliza mama duka lilikuwa wapi, anasema hakumbuki dawa yoyote. Nimezunguka mitaa hii tangu asubuhi."

Ningeweza kusema hatuna. Lilikuwa jibu la kweli. Nikamwambia akae kwenye kiti cha wateja, nikamweleza yote, tangu kopo la tajiri mpaka mafuta matupu, tangu sketi mpaka wodini. Alisikiliza bila kunikatiza, akimpapasa mtoto mgongoni. Ndani ya viwiko vyake ngozi bado ilikuwa nyembamba, mishipa inahesabika.

"Nilijua niliumwa," alisema. "Mama alisema ilikuwa malaria." Akamweka mtoto sawa begani. "Kwa hiyo anakumbuka."

"Anakumbuka. Usimlaumu. Alifuata lebo, na lebo niliibandika mimi."

Nilichukua tyubu ya haidrokotisoni rafu ya pili, nikaanza kumweleza kwamba hii ni nyepesi, kwamba mtoto anaihitaji, siku chache tu. Aliitazama tyubu mkononi mwangu. La, aliutazama mkono ulioishika. Akamfunika mtoto uso kwa kanga, akasema asante mama, akatoka. Nilimwita mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa bado anajisugua begani.

Kwa hiyo someni hili kabla hamjasahau, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tyubu ile iko rafu ya pili, nyuma ya mafuta ya watoto, kwenye bahasha. Nimeilipia. Nimeandika juu yake kwa mkono: ngozi itakapowaka tu, safu nyembamba, mara mbili kwa siku, siku saba, kisha muone mhudumu. Akirudi msichana mfupi mwenye mtoto, mpeni, mkalisheni, mmwonyeshe kipimo cha kidole. Akiuliza nani kaiacha, semeni ni ya dukani. Akijua ni mimi, hatampaka.